VERA MENCHIK, BINGWA WA KWANZA WA SATARANJI

1. Mchezo wenyewe

Sataranji ni mchezo wa watu wawili. Huchezwa juu ya ubao wenye vyumba 64, vyeupe na vyeusi, kama ubao wa dama. Lakini katika dama kete zote huanza sawa. Katika sataranji kila kete ina jina lake na mwendo wake.

Kila mchezaji ana kete 16. Ana mfalme mmoja, malkia mmoja, minara miwili, farasi wawili na askari wadogo wanane. Tena ana kete mbili zinazokwenda kwa mshazari. Hizo mbili Waingereza huziita maaskofu, Wafaransa huziita wapumbavu, na Warusi huziita tembo. Majina ni mbalimbali, lakini mwendo ni mmoja katika nchi zote.

Mfalme huenda hatua moja tu, na ni lazima alindwe siku zote. Malkia ndiye mwenye nguvu kupita kete zote. Anayemzingira mfalme wa mwenzake hata asiwe na pa kukimbilia, ndiye mshindi, naye hupata alama moja. Kama hapana anayeweza kumshinda mwenzake, mchezo huwa sare, na kila mmoja hupata nusu ya alama.

Katika sataranji nguvu za mikono hazina kazi, wala hapana kubahatisha. Mtoto aweza kumshinda mtu mzima, na maskini aweza kumshinda tajiri. Hata hivyo, zamani watu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa mchezo huu ni wa wanaume tu. Malkia alitawala ubaoni, lakini wanawake hawakukaribishwa mezani. Aliyewaonyesha kosa lao alikuwa msichana mpole asiye na maneno mengi. Jina lake Vera Menchik.

2. Utoto wake katika Moscow

Vera alizaliwa tarehe 16 Februari 1906 katika mji wa Moscow, nchi ya Urusi. Baba yake alikuwa mtu wa Bohemia, nchi ya Wacheki. Alikuwa msimamizi wa mashamba ya wakubwa, tena alikuwa na kinu cha kusagia nafaka. Mama yake alikuwa Mwingereza. Alikuwa amekwenda Urusi kulea na kufundisha watoto wa matajiri. Baada ya Vera walimzaa Olga, mdogo wake. Watu hao wanne walikaa katika nyumba nzuri, na hawakukosa kitu.

Vera alipokuwa na miaka 9, baba yake alimpa zawadi ya ubao wa sataranji na kete zake, akamfundisha namna ya kucheza. Msichana akaupenda mchezo huo mara moja.

Mwaka wa 1917 mapinduzi makubwa yakatokea Urusi. Mfalme aliondolewa, na serikali mpya ikawanyang'anya watu mali zao. Baba yake Vera akapoteza kinu chake, na baadaye jamaa yote wakapoteza nyumba yao. Katika miaka ile shule yenyewe ilikuwa taabu. Katika baridi kali ya Urusi wanafunzi walikosa moto wa kuwapasha joto. Hata hivyo Vera aliendelea kusoma, tena aliendelea kucheza sataranji. Alipokuwa na miaka 14, shule yake ilifanya mashindano, naye akawa miongoni mwa watatu wa kwanza.

Mwaka wa 1921 maisha yao katika Moscow yakakoma. Wazazi wakaachana. Baba akarudi kwao Bohemia. Mama akawachukua Vera na Olga, akaenda nao Uingereza kwa mama yake mzazi, katika mji wa Hastings, karibu na bahari.

3. Msichana mgeni

Vera alikuwa na miaka 15 alipofika Hastings. Alijua Kirusi vizuri, lakini Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Hakuwa na rafiki, na watu wa mji walimtazama kama mgeni. Afanye nini mtu asiyeweza kuzungumza na majirani zake?

Vera akakumbuka ubao wake. Katika sataranji watu hukaa kimya. Anayesogeza kete vizuri hueleweka na kila mtu, hata kama lugha zao ni mbali. Kwa bahati njema, mji wa Hastings ulikuwa na kilabu kikubwa cha sataranji, ambacho kilianza tangu mwaka wa 1882. Mwaka wa 1923 Vera akaingia kilabuni.

Kwanza alifundishwa na mchezaji mmoja wa kilabu, jina lake John Drewitt. Halafu akapata mwalimu mwenye sifa kubwa, Géza Maróczy, mtu wa Hungaria. Maróczy alikuwa mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa dunia. Alimfundisha Vera kutokuwa na haraka: kumlinda mfalme wake kwanza, kuweka askari wake mahali pazuri, kungoja kosa la mwenzake, na asiliache kosa hilo lipite. Vera alishika mafundisho hayo maisha yake yote. Hakupenda michezo ya kushangaza watu. Alipenda kujenga polepole, kama fundi anayepanga matofali, tofali juu ya tofali.

Mwaka wa 1925 akashindana mara mbili na Edith Price, mwanamke aliyekuwa bingwa wa Uingereza. Mara zote mbili Vera akashinda.

4. Bingwa wa dunia

Mwaka wa 1927 mataifa 16 yalituma wachezaji wao London kwa mashindano makubwa ya sataranji. Wakuu wa mchezo wakaamua kufanya pia mashindano ya wanawake, ili apatikane bingwa wa kwanza wa dunia. Jambo hilo lilikuwa halijafanyika bado. Wanawake 12 wakakusanyika, na kila mmoja alicheza na wengine wote.

Vera alicheza mara 11. Alishinda mara 10 na kupata sare moja. Hakushindwa hata mara moja. Basi, alipokuwa na miaka 21 tu, akawa bingwa wa kwanza wa wanawake wa dunia nzima.

Wengine walidhani labda ni bahati. Lakini mashindano yalirudiwa mara kwa mara, na kila mara mshindi alikuwa yeye. Alishinda Hamburg mwaka wa 1930, Prague mwaka wa 1931, Folkestone mwaka wa 1933, Warsaw mwaka wa 1935, Stockholm mwaka wa 1937, na Buenos Aires mwaka wa 1939. Katika Folkestone alicheza mara 14, akashinda mara 14. Katika Stockholm vilevile: mara 14, ushindi 14. Olga, mdogo wake, alicheza naye Warsaw na Stockholm.

Tufanye hesabu ya mashindano yote saba. Vera alicheza mara 83. Alishinda mara 78, akapata sare 4, akashindwa mara moja tu, huko Hamburg. Katika historia ya mabingwa wa sataranji ni vigumu kuona hesabu kama hiyo.

5. Kilabu cha walioshindwa

Mtu mwingine angeridhika hapo. Katika meza ya wanawake hakuna aliyemweza. Angekaa pale pale, ashinde kila mara, asifiwe na watu. Lakini Vera alijua ya kuwa anayecheza na waliomzidi ndiye anayejifunza zaidi. Basi akataka kucheza na wanaume waliokuwa hodari kuliko wote.

Mwaka wa 1929, katika mji wa Ramsgate, Uingereza, alicheza vizuri sana. José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia hata mwaka wa 1927, alipata nafasi ya kwanza. Vera alifuata nyuma yake kwa nusu ya alama tu, sawasawa na Akiba Rubinstein, mchezaji mkuu wa Polandi. Tena Maróczy, mwalimu wake, alikuwa nyuma yake.

Mwaka ule ule akaalikwa Karlsbad, mji wa nchi ya baba yake. Wachezaji walikuwa 22, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Wengine walinung'unika. Albert Becker, mtu wa Vienna, akafanya mzaha mbele ya wenzake. Alisema ya kuwa kila mwanamume atakayeshindwa na Vera aandikwe katika kilabu kipya, Kilabu cha Vera Menchik, na atakayepata sare aruhusiwe kungoja mlangoni. Watu wakacheka.

Siku chache baadaye Becker akakaa mezani mbele ya Vera. Vera hakumjibu mzaha wake kwa maneno. Alisogeza kete zake kwa utulivu, moja baada ya moja. Becker akashindwa. Basi mwanachama wa kwanza wa kilabu kile akawa mwenyewe aliyekianzisha!

Tangu siku hiyo kilabu kikapata wanachama wengi. Mmoja wao alikuwa Sultan Khan, mtu wa India, aliyekuwa bingwa wa Uingereza mara tatu. Mwingine alikuwa Max Euwe, mwalimu wa hesabu katika nchi ya Uholanzi. Euwe alishindwa na Vera mara mbili huko Hastings. Mwaka wa 1935 Euwe huyo huyo akawa bingwa wa dunia wa wanaume. Tangu hapo watu hawakuwa na sababu tena ya kumcheka mwanamume aliyeandikwa katika kilabu cha Vera.

6. Meza ngumu

Lakini isidhaniwe ya kuwa Vera aliwashinda wanaume wote. Huko Karlsbad, hata baada ya kumshinda Becker, alikuwa wa mwisho kati ya wote 22. Alipata alama 3 tu katika michezo 21.

Mwaka wa 1935 aliitwa kucheza Moscow, mji aliozaliwa. Alikuwa ameondoka huko msichana wa miaka 15, jamaa yake imepoteza kila kitu. Sasa alirudi mwanamke wa miaka 29, bingwa wa dunia. Watu wengi walikuja kumtazama. Je, alishinda? Hapana. Wachezaji walikuwa 20, nao walikuwa hodari kupita kiasi. Vera alipata alama moja na nusu katika michezo 19, akawa wa mwisho tena.

Kushindwa namna hiyo mbele ya watu, siku baada ya siku, si jambo jepesi. Lakini Vera hakununa, wala hakutafuta udhuru. Kila asubuhi alirudi mezani, akampa mkono mwenzake, akacheza kwa bidii mpaka mwisho. Na mwaka ule ule, katika Warsaw, alicheza na wanawake mara 9, akashinda mara zote 9. Taabu aliyoipata katika meza ngumu ilimzidishia nguvu katika meza nyingine.

Mshindani wake mkubwa miongoni mwa wanawake alikuwa Sonja Graf, Mjerumani. Mwaka wa 1937 wakapambana wawili peke yao, michezo 16, katika Semmering, nchi ya Austria. Vera alishinda mara 9, Sonja mara 2, na sare zilikuwa 5. Mwaka huo huo Vera akaolewa na Bwana R. H. S. Stevenson, Mwingereza aliyefanya kazi kubwa ya kuandaa mashindano ya sataranji. Kwa ndoa hiyo Vera akawa raia wa Uingereza. Hivyo katika maisha yake aliandikwa kwanza mtu wa Urusi, halafu mtu wa Chekoslovakia, na mwisho mtu wa Uingereza.

7. Vita

Mwaka wa 1939 wachezaji wa mataifa walivuka bahari kwenda Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Walipokuwa huko, mwezi wa Septemba, vita kuu ya pili ikaanza Ulaya. Watu waliokuwa wakicheza pamoja wakasikia ya kuwa nchi zao zinapigana. Wengi wakakaa Argentina, hawakurudi kwao. Sonja Graf alikuwa mmoja wao. Serikali ya Hitler haikumpenda, naye hakucheza kwa jina la Ujerumani.

Siku ya Vera na Sonja kukutana, Sonja alicheza vizuri mno, akawa karibu kushinda. Vera akavumilia, akajilinda, akangoja. Mwishoni Sonja akakosea, na Vera akashinda. Hiyo ilikuwa mara ya saba na ya mwisho ya kuwa bingwa.

Vera akarudi Uingereza. Alisimamia nyumba moja ya sataranji katika London, mahali watu walipocheza na kufundishwa. Mwaka wa 1940 mabomu ya Wajerumani yakaiteketeza. Vera hakuacha kazi yake. Aliendelea kufundisha na kucheza. Mwaka wa 1942 alishindana na Jacques Mieses, mzee hodari aliyekimbia kutoka Ujerumani, akamshinda kwa alama 6 na nusu kwa 3 na nusu. Mwaka wa 1943 mumewe akafa, na Vera akabaki pamoja na mama yake na Olga katika mtaa wa Clapham, London.

Mwezi wa Juni 1944 Wajerumani wakaanza kutumia silaha mpya. Ilikuwa bomu lenye mabawa kama ndege, lakini halikuwa na rubani. Liliruka peke yake toka ng'ambo ya bahari, likaanguka popote, juu ya askari na juu ya watoto. Usiku mmoja, mwishoni mwa mwezi ule, bomu la namna hiyo likaiangukia nyumba ya Vera. Wanawake watatu, mama na mabinti zake wawili, walikufa pamoja. Nyumba ikawa kifusi, na zawadi zote alizoshinda zikapotea ndani yake. Vera alikuwa na miaka 38. Alikuwa bado bingwa wa dunia, na alikuwa bingwa kwa muda wa miaka 17.

8. Waliomfuata

Vita ilipokwisha, mahali pa bingwa palikuwa wazi. Wanawake 16 wakashindana Moscow tangu mwisho wa mwaka wa 1949, na Lyudmila Rudenko akashinda mwanzoni mwa mwaka wa 1950. Mwaka wa 1962 msichana wa Georgia, Nona Gaprindashvili, akawa bingwa alipokuwa na miaka 21, umri ule ule wa Vera siku ya London. Mwaka wa 1978 Nona akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo kikubwa kabisa cha sataranji, cheo walichokuwa nacho wanaume tu.

Halafu katika Hungaria, nchi ya mzee Maróczy, akatokea Judit Polgár, aliyezaliwa mwaka wa 1976. Yeye hakutaka kushindania ubingwa wa wanawake. Alichagua meza ngumu tangu utoto. Mwaka wa 2002 akamshinda Garry Kasparov, ambaye alikuwa bingwa wa dunia kwa miaka 15. Njia aliyopita Judit ilikuwa imefunguliwa na Vera.

Tangu mwaka wa 1957 mataifa hushindana pia kwa timu za wanawake, na kikombe cha timu inayoshinda kimeitwa Kikombe cha Vera Menchik. Zawadi zake za zamani zilizikwa katika kifusi cha Clapham, lakini jina lake limeandikwa juu ya kikombe kinachopita mikononi mwa wasichana wa nchi nyingi.

Yafaa wanafunzi walikumbuke jambo moja la maisha yake. Vera hakupata sifa kwa sababu alishinda tu. Alikuwa na mahali ambapo hakuna aliyemshinda, lakini akaenda mahali alipojua ya kuwa atashindwa, ili ajifunze. Mwanafunzi anayeogopa hesabu ngumu hubaki na nyepesi siku zote. Anayekaa mbele ya iliyo ngumu, ajapokosea leo, kesho atakuwa ameongeza akili.

Maneno ya kuelezwa

Mshazari: kutoka pembe moja kwenda pembe nyingine.
Sare: hapana mshindi wala mshindwa.
Udhuru: sababu mtu anayoitoa ili asilaumiwe.
Kifusi: udongo na mawe ya nyumba iliyobomoka.

Maswali

1. Vera alizaliwa mji gani, na mwaka gani? Wazazi wake walikuwa watu wa nchi zipi?
2. Kwa nini sataranji ilimfaa sana Vera alipofika Hastings?
3. Albert Becker alifanya mzaha gani? Mzaha huo ulimrudiaje?
4. Vera alicheza mara 83 katika mashindano saba ya ubingwa. Alishinda mara ngapi? Alipata jumla ya alama ngapi?
5. Katika Moscow mwaka wa 1935 Vera alikuwa wa mwisho. Je, alifanya vibaya kwenda huko? Toeni sababu zenu.